Majani ya Njano Uliyoyaona kwenye Simu

Mpendwa dada,

Neno hilo la kwanza nimeliandika kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuanza barua, si kwa sababu ndivyo ninavyojisikia. Ninavyojisikia utaona huko chini. Naiandika wazi kwa kuwa njia za faragha umezifunga mwenyewe: simu zangu hupokei, na kwenye kundi la familia uliniondoa siku ile ile niliyokujibu. Basi na shangazi wa Njombe aisome, na baba mdogo wa Lupembe asomewe kama miwani yake bado imevunjika, na majirani zako wa Dodoma nao wakipenda waisome.

Nianze na ua, maana wewe ndiye uliyeanza na ua.

Ulilileta Krismasi ya mwaka juzi, limefungwa mkanda kiti cha nyuma kama mbunge. Majani mapana yanayong'aa, chungu cheupe cha kauri, na chini hakina tundu hata moja. Nilikuuliza maji yatatokea wapi. Ukanijibu, "Hili ni ua la ndani, siyo mahindi." Ukaliweka sebuleni ubavuni mwa kiti cha mama, karibu na dirisha, ukampiga picha akiwa amelishika jani moja kama anasalimiana nalo, na picha ikafika kwenye kundi kabla hujavua viatu. Mama akaliita Mgeni. Mpaka anaondoka hapa Lyamkena sikumsikia akiliita jina lingine.

Mwaka mzima Mgeni aliishi vizuri. Nalikumbusha hilo kwa sababu wewe hulikumbuki. Mwaka mzima nilikuwa namwagilia kikombe kimoja kila Jumamosi, napangusa vumbi la Makambako kwa kitambaa chenye unyevu, na hukuandika kwenye kundi kwamba mdogo wako ana mkono mzuri. Jani la kwanza lilipogeuka njano, hapo ndipo ulipokumbuka kwamba nyumba hii ina mtu anayeitunza.

Unazikumbuka simu zako za Jumapili? Mama anatoka kanisani, hajakaa sawa, simu inaita, na wewe baada ya kumsalimia kamwene unasema, "Hebu geuza simu nimwone Mgeni." Mama anageuza. Unahesabu majani. Jumapili ya kwanza ukasema maji yamezidi, nikaacha kumwagilia. Jumapili iliyofuata ukasema nimelinyima maji. Kisha ikawa dirisha, nikalisogeza. Kisha ikawa baridi, nikalirudisha. Siku moja ukanasa picha kwenye simu, ukalizungushia jani duara jekundu, ukaandika chini yake, "Jamani, mnaliona hili?" Fimbo ya mbali haiui nyoka, dada, lakini yako ilinichapa mimi vizuri sana.

Baba mdogo naye hakukaa kimya. Alikuja mwenyewe kutoka Lupembe na mbolea ya chai kwenye mfuko wa rambo. Akachuchumaa, akapekua majani, akatoa hukumu: "Njano inayoanzia majani ya chini ni njaa. Hata mtoto wa kwetu analijua hilo." Akamwaga konzi nzima kwenye kile chungu, mbolea ya kutosha mistari miwili ya chai. Halafu, nikiwa jikoni, akalivunja kichwa ili litanuke kwa pembeni, kama mche wa chai unavyofanywa. Wiki moja baadaye kingo za majani zilikuwa zimeungua na kuwa kahawia. Wewe ukauliza kwenye kundi ni nani aliyefanya unyama huu. Baba mdogo akatuma picha ya mikono inayosali. Lawama nikaibeba mimi, kama kawaida.

Nasema kama kawaida kwa sababu nakumbuka. Unakumbuka siku mama alipotupeleka kumpa pole yule mjane kule Lupembe, wewe una miaka kumi na moja, mimi saba? Tuliletewa chai ya maziwa inayonuka moshi, na maziwa yenyewe yalishaanza kugeuka. Sheria ya mama ilikuwa moja, na hakuhitaji kuisema kwa mdomo: chai ya mwenyeji haiachwi. "Kikombe kinachobaki na chai ni tusi," ndivyo alivyotulea. Yeye mwenyewe alikinywa chake mpaka majani ya chini. Wakati wa sala, watu wote wamefumba macho, wewe uliinua kikombe chako ukamimina kwangu. Nikanywa viwili. Njiani nikatapika kando ya shamba la chai, na mama akanichapa kwa kijiti kwamba nimekunywa kwa ulafi kwenye nyumba ya msiba. Ulikuwa umesimama pale pale. Ulikuwa unatazama lori la majani ya chai likipita.

Sikukulaumu, ulikuwa mtoto. Ila ulipokua ulipaswa kuiacha tabia ile.

Tuje kwenye kikao cha Njombe. Mwezi wa pili, sebuleni kwa shangazi, jiko la mkaa katikati, ukungu umeziba dirisha. Wewe ulikuwa kwenye simu, tumekuegemeza kwenye chupa ya chai ili utuone wote. Ukasema, na maneno yako nayajua kwa moyo: "Ua linalokunywa maji mara moja kwa wiki limemshinda. Mama anayekula mara tatu kwa siku atamweza?" Shangazi akatazama mikono yake. Nilijibu vibaya, nakubali. Nilisema njoo ulee wewe basi, tuone kucha zako. Lakini hukuguswa, ukaendelea kueleza habari ya chumba ulichokwisha kuandaa, choo cha ndani, na msichana wa kazi aliyesomea kuhudumia wazee. Ikaamuliwa kwamba baada ya Pasaka mama ahamie Dodoma. Mama alikuwa amekaa pale pale na hakuna aliyemuuliza. Alisema neno moja tu: "Mimi bado sijawa njano." Watu wakacheka, kikao kikafungwa kwa sala.

Kwenye basi kutoka Njombe kurudi Makambako mama alinishika mkono njia nzima. Tulipokaribia Lyamkena akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka kufia mahali ambapo watu wananijua." Nikamwambia asiongelee kufa. Moyoni nikaapa kwamba ua lile nitaliponya kabla ya Pasaka, hata kama itabidi nilipeleke kliniki, maana hiyo ndiyo hoja pekee uliyokuwa nayo.

Basi nikawa daktari wa majani. Cherehani yangu iko barazani, sare za shule zinanisubiri, na mimi niko sebuleni nimepiga magoti nanusa udongo. Kitu cha kwanza nilichokiona ni sisimizi. Walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani, wanapanda chungu, wanaingia, wanatoka. Nikajiuliza, sisimizi wamefuata nini kwenye maji matupu? Kitu cha pili ni vijidudu vidogo vinavyoruka ukigusa jani. Kitu cha tatu ni harufu. Nilichimbua udongo kwa kijiko, juu yake una utando mweupe, na chini yake unanuka kama kibuyu cha maziwa ambacho hakijaoshwa. Na ulikuwa umelowa, dada. Wiki tatu sijalimwagilia hata tone na udongo umelowa.

Nikajua kuna mtu anamwaga chai.

Akili yangu ikaenda moja kwa moja kwa wanawake wa Alhamisi, wale wa kanisani wanaokuja kusali na mama. Nchi hii yetu mtu hawezi kukataa chai, na akiwa ameshakunywa nyumba tatu kabla ya kwako, tumbo limejaa, atafanyaje? Chungu kiko pale karibu. Nikamshuku Mama Vumilia, jirani yetu, kwa sababu ndiye anayependa kukaa kando ya mama na ndiye ambaye kikombe chake huisha mapema. Alhamisi iliyofuata nikamkalisha mlangoni kwenye upepo. Iliyofuata tena nikamkalisha mlangoni. Akaniuliza mbele ya wenzake, "Binti, siku hizi nakalishwa na viatu. Nimekosa nini?" Nikasema ni kwa ajili ya nafasi. Sura ilinishuka, lakini ua halikupona, na udongo uliendelea kulowa hata siku ambazo hakuna mgeni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, chai ya saa nne. Nilimpelekea mama kikombe chake, maziwa mengi na sukari vijiko viwili kama anavyopenda, nikarudi barazani. Uzi ukakatika. Nikaingia ndani kufuata uzi mwingine, miguu mitupu, hakunisikia. Alikuwa ameinamia upande wa chungu, amekishika kikombe kwa mikono yote miwili kisimtoke, anamimina polepole kwenye shina, na macho yake yako kwenye mlango wa mbele. Mimi nilikuwa mlango wa nyuma.

Nikasema, "Mama."

Akakiweka kikombe mezani. "Nilikuwa namnywesha Mgeni."

"Chai, mama?"

"Naye si ana kiu."

Nikapiga magoti mbele yake. Alijaribu kucheka, halafu akaacha. "Haipiti, mwanangu," akasema. "Tangu mvua za kwanza haipiti. Nikimeza inasimama hapa." Akagusa kifua. "Uji unapita kidogo nikiunywa kwa kijiko. Chai inarudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia wewe, wewe ungemwambia dada yako Tumaini. Naye angekuja na gari."

Hapa ndipo unaposubiri nikiri, na nakiri. Miezi minne nilikuwa naokota kikombe kitupu nafurahi. Kwetu kikombe kitupu ndicho jibu, hatuulizi zaidi. Ugali alisema ataulia jikoni penye moto, nikaamini. Kumbe aliyenenepa ni mbwa wa jirani. Kwaresima ilipoingia akasema amefunga, nikamsifu. Mwili wake sikuuona kwa sababu baridi hii mnaijua, mama anavaa sweta mbili na kitenge juu. Siku hiyo nilimvua sweta ya juu, kisha ya ndani, na mabega yake yalinitisha. Nililala naye chumba kimoja na sikujua. Huhitaji kuniambia hilo tena, najiambia kila siku.

Lakini sikiliza na upande wako. Wewe ulikuwa unamwona uso kwa uso kila Jumapili. Na kila Jumapili ulimwambia ageuze simu.

Aliniomba nisikuambie. Hakuniomba kwa mzaha. Alinishika kidevu kama alivyokuwa akinishika utotoni akitaka nimtazame, akasema, "Hili liishe kwako." Ningeweza kunyamaza. Ningebadilisha udongo, Mgeni angepona, hoja yako ingekufa, na mama angebaki kwangu akimeza uji kwa kijiko mpaka uishe. Nilifikiria hivyo, usidhani sikufikiria. Nilifikiria kwa muda wa kutosha kukunja sare mbili. Kisha nikakupigia, kwa sababu nilijua wewe una hospitali kubwa karibu na mume mwenye gari, na mimi nina cherehani.

Na wewe, dada, nilipomaliza kukueleza huku nalia, neno lako la kwanza lilikuwa, "Nilijua. Niliona kwenye majani."

Ulijua nini? Wewe uliona maji yamezidi, ukaona maji yamepungua, ukaona jua, ukaona baridi, ukaona uzembe wangu. Mwenye kutaja magonjwa yote hakosi kuutaja uliopo. Ila ndiyo hadithi uliyowapa shangazi na wote, kwamba wewe ukiwa Dodoma uliusoma ugonjwa wa mama kwenye jani, na mimi niliyekuwa naye nilikuwa nashona. Nilipokujibu kwenye kundi kwamba huo ni uongo, ukaniondoa.

Mama aliondoka hapa wiki moja kabla ya Pasaka. Nilimfunga blanketi miguuni, nikamwekea mto. Hakunitazama. Gari lilipowashwa akasema, akiangalia mbele, "Nilikuambia wewe peke yako." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyopewa na mama yangu mpaka leo. Wewe ulikuwa unarekebisha kioo, sidhani kama uliyasikia.

Unataka kujua habari za ua lako? Nilimwaga ule udongo wote, nikakata mizizi myeusi iliyooza, ikabaki michache, nikalipanda kwenye ndoo ya rangi niliyoitoboa matundu. Sasa lina majani mapya matano, ya kijani kibichi, na yalikuwa yananichoma macho kila asubuhi, maana najua limepona kwa sababu gani. Nimempa Mama Vumilia. Nilimwomba radhi pia, akasema alishasamehe kabla sijaomba, lakini alikunywa chai yake akiwa amesimama.

Sasa hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Juzi shemeji alinipigia. Usimgombeze, yeye ni mtu mzima na mama ni mkwewe. Aliniambia uvimbe umeziba karibu njia yote ya chakula, kwamba madaktari wameeleza kwa upole hakuna cha kukata tena, na kwamba wamesema mama apelekwe nyumbani akapumzike na watu wake. Nikamuuliza, sasa? Akashusha sauti. Kisha akasema, "Shemeji, dada yako anasema nyumbani ndiyo hapa." Akaniambia pia kwamba mama kila asubuhi anauliza kama basi la Makambako limeshapita. Hapo kwenu hakuna basi la Makambako linalopita, dada. Unajua vizuri anachouliza.

Nimekuwa na hasira na wewe tangu kando ya lile shamba la chai, na siku hizi hasira hiyo naamka nayo na kulala nayo. Nimetafuta neno kali la kukuandikia na mengi nimeyafuta. Lakini nadhani najua kwa nini humrudishi. Ulimchukua mbele ya ukoo mzima ukisema unakwenda kumponya. Ukimrudisha amebebwa mikononi, Njombe yote itasema hata Tumaini ameshindwa, na mimi nitasimama mlangoni nimekunja mikono. Hilo ndilo linalokuogopesha, mimi nimesimama mlangoni.

Basi sikiliza. Sitasimama hivyo. Nitasimama Alhamisi mbele ya wanawake wa kanisani, na mbele ya shangazi, na baba mdogo nitamfuata mpaka Lupembe, niseme hivi: dada yangu ndiye aliyeona. Alikuwa mbali akaona, mimi nilikuwa ndani sikuona. Nitasema mchana kweupe na sitaweka neno langu hata moja baada ya hapo. Kama si kweli ni juu yangu na Mungu wangu. Uandike kwenye kundi, nisomewe nikiwa nje, nitaitikia amina.

Chukua sifa yote, dada. Niletee mama.

Ijumaa na Jumamosi sishoni. Maji ya moto yatakuwepo, na kitanda chake nimekihamishia upande unaopata jua la asubuhi. Mkikaribia Iringa, kwenye zile kona za Nyang'oro, mwambie shemeji aende taratibu. Mama hana nyama tena ya kuzuia mtikisiko.

Nakuaga bila kukusamehe, hilo litafuata lenyewe au halitafuata.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Lyamkena, Makambako